Kufundisha Ufahamu Badala ya Kuupima: Kwa Mwalimu wa Kiingereza Anayekwenda BTP

Soma sentensi hii: "Mgwelu alilidwasa fekoli lake pembeni mwa shwepo kwa sababu lilikuwa limepweluka." Sasa jibu maswali matatu. Mgwelu alidwasa nini? Fekoli lake. Alilidwasia wapi? Pembeni mwa shwepo. Kwa nini alilidwasa? Kwa sababu lilikuwa limepweluka. Umepata tatu kwa tatu, ilhali maneno matano ya sentensi hiyo nimeyabuni na hayana maana yoyote.

Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza hupata alama zao za ufahamu wa Kiingereza kwa njia hiyohiyo. Mtoto huchukua neno lililo kwenye swali, hulitafuta kwenye kifungu cha habari, hunakili sentensi lilimo, na mwalimu hutia vema. Muhula unakwisha daftari limejaa vema. Mpe mtoto huyo ukurasa mmoja wa kitabu cha Baiolojia ausome peke yake, hataweza kukuambia unahusu nini.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye chuo cha ualimu au chuo kikuu, unayejiandaa kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, na kukabidhiwa Kiingereza katika sekondari ya kata. Ninachotaka ukishike ni hiki: kipindi cha ufahamu ni cha kumwonyesha mwanafunzi jinsi maana inavyojengwa, sentensi juu ya sentensi, na kumkamata pale anapopotea. Maswali ya mwisho wa kifungu yanapima tu kama kazi hiyo imefanyika. Mwalimu anayeanza na kumaliza na maswali amepima kitu ambacho hakukifundisha.

Tatizo hili halikuanza kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Dolores Durkin, alichunguza vipindi vya kusoma vya darasa la nne nchini kwake. Katika dakika 4,469 zilizorekodiwa, walimu walitumia dakika 20 tu kuwafundisha watoto namna ya kuelewa wanachosoma. Muda mwingi uliobaki uliliwa na maswali, mazoezi na maelekezo ya kazi. Na wale walikuwa wanasoma lugha ambayo shule yao imewafundishia tangu siku ya kwanza. Wa kwako wametoka darasa la saba walikojifunza karibu kila kitu kwa Kiswahili, na sasa Jiografia, Baiolojia na Fizikia zote zinawajia kwa Kiingereza. Kipindi chako ndicho mahali pekee kwenye ratiba ambapo mtu amepewa jukumu la kuwafundisha kusoma lugha hiyo.

Kabla hujachagua kifungu, jua nani hasomi

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walieleza usomaji kwa hesabu fupi: uwezo wa kugeuza herufi kuwa maneno, mara uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Walichagua kuzidisha kwa makusudi. Ukiwa na sifuri upande mmoja, jibu ni sifuri, hata upande wa pili uwe na nguvu kiasi gani.

Mtoto wako anajua kusoma Kiswahili, na Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Anapokutana na "made" anasoma "ma-de". "Come" inakuwa "ko-me", na "one" inakuwa "o-ne". Huenda neno hilo analijua kabisa akilisikia, lakini jicho lake halijaliunganisha na sikio. Ukimfundisha huyu msamiati zaidi, unamwongezea mzigo upande ambao haukuwa na tatizo.

Kwa hiyo, wiki yako ya kwanza, wakati darasa linafanya kazi ya kuandika, waite wanafunzi mezani kwako mmoja mmoja. Kila mmoja asome mistari mitatu kwa sauti ya chini, wewe tu usikie. Kisha muulize kwa Kiswahili: hapo wanasemaje? Dakika moja na nusu inatosha. Hutaweza kuwamaliza sabini kwa siku moja, na si lazima. Kila kipindi chukua wachache. Baada ya wiki mbili utakuwa na makundi yako kwenye daftari: asiyeweza kutamka maneno, anayetamka vizuri lakini haelewi, na anayeelewa lakini hawezi kujieleza kwa Kiingereza. Watoto hawa watatu wakifanya jaribio moja wanaweza kupata alama ileile, mbili kwa kumi, na kila mmoja anahitaji msaada tofauti kabisa.

Kifungu kimoja, mitego mingi

Tuchukue kifungu nilichokiandika kwa ajili ya darasa la namna hii. Kina sentensi tano tu:

"Rehema left home at seven o'clock to sell mangoes at the bus stand. Her brother Baraka had promised to help her, but he did not come until noon. By then she had hardly sold any. 'Unless we lower the price,' he said, 'they will go bad.' She put the basket down and looked at him."

Mwalimu mgeni akikitazama ataona kifungu chepesi. Maembe, stendi, kaka na dada: mambo ya nyumbani. Wewe unayejua Kiswahili unapaswa kuona zaidi. Katika hili mwalimu wa Kitanzania hana mpinzani, kwa sababu anajua mtoto anatoka wapi na anaweza kutabiri atajikwaa wapi.

Anza na saa. Mtoto anaona "seven" na akilini inakaa saa saba. Saa saba ni mchana. Halafu Baraka anafika "noon", yaani saa sita. Kwa hesabu hiyo kaka amefika stendi saa nzima kabla dada hajatoka nyumbani. Jambo la kusikitisha ni kwamba watoto wengi hawashtuki. Wamezoea kwamba Kiingereza cha shuleni si lazima kiwe na mantiki, kwa hiyo wanaendelea mbele. Usikimbilie kusahihisha. Chora mstari wa muda ubaoni, uwaombe waweke Rehema anatoka, Baraka anafika. Acha mgongano uonekane, kisha uliza: inawezekana? Mtoto akigundua mwenyewe kwamba habari aliyoijenga haikai sawa, na akarudi nyuma kutafuta alipokosea, amejifunza tabia kubwa kuliko zote za msomaji. Tabia hiyo itamfaa pia kwenye swali la Fizikia.

Kisha "left". Wengi wanalijua kama kushoto, na ndivyo walivyofundishwa. "Stand" wanalijua kama simama. Maneno madogo yenye maana mbili yanapotosha kuliko maneno makubwa, maana neno kubwa mtoto anajua kwamba halijui.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo naomba ulipe muda mwingi kuliko yote: viwakilishi. Katika Kiswahili sentensi inabeba uzi wake ndani ya kitenzi. Ukisema "yataharibika", msikilizaji anajua ni maembe, kwa sababu bei ingekuwa "itaharibika", kikapu kingekuwa "kitaharibika", na watu wangekuwa "wataharibika". Upatanisho wa ngeli unafanya kazi ya kumkumbusha msomaji tunazungumzia nini. Kiingereza hakina msaada huo. "They" ni watu, ni maembe, ni mbuzi, ni mawazo. "It" ni kikapu, ni bei, ni mvua, na wakati mwingine si kitu chochote. Mtoto aliyezoea kuongozwa na ngeli anafika kwenye "they will go bad", anatafsiri "wao watakuwa wabaya", na hapo habari imegeuka kuwa ya ugomvi.

Upande wa pili Kiingereza kinatofautisha kitu ambacho Kiswahili hakijali. Kwetu "a-" ni ya Rehema na ya Baraka pia. Macho ya mtoto hupita juu ya "he" na "she" kama vile ni neno moja, naye anapoteza nani kasema na nani kaweka kikapu chini. Wanafunzi husema "he" kwa mama yao mzazi, na walimu huwakosoa kila siku katika kuzungumza. Wachache hukumbuka kwamba mtoto asiyetofautisha maneno hayo mdomoni huenda hayatofautishi pia anaposoma.

Dawa yake ni mishale. Andika kifungu kwenye manila kwa herufi kubwa kabla ya kipindi, ukiacha nafasi kati ya mistari. Katika sentensi hizi tano kuna maneno kumi yanayorejelea kitu au mtu aliyekwisha kutajwa, ukihesabu na "any" ya "hardly sold any". Kila neno lipewe mshale unaorudi mpaka kwenye jina lake. Miwili ya kwanza ichore wewe mwenyewe huku ukifikiri kwa sauti: "Nimefika kwenye 'they will go bad'. They ni nani hawa? Rehema na Baraka wanaitwa 'we' hapohapo, basi si wao. Watu wengine hawajatajwa. Ni kitu gani hapa kiko kwa wingi? Mangoes. Maembe yanaharibika? Ndiyo, yakikaa juani. Basi ni maembe." Mshale mwingine achore mwanafunzi, aeleze kwa nini ameupeleka huko na si kwingine. Utaona mabishano ya kweli darasani, na mabishano hayo ndiyo somo lenyewe.

Kufikiri kwa sauti namna hii kunaonekana jambo dogo, lakini wanafunzi wako wengi hawajawahi kuona mtu mzima akisoma kwa kurudi nyuma, kukisia na kubadilisha mawazo. Wanaamini kwamba mwalimu hufungua kitabu na maana ikamrukia. Waonyeshe kazi inavyofanyika.

Baada ya viwakilishi, shughulika na maneno yanayobeba mantiki: "unless", "until", "hardly", "although", "by then". Haya huwa hayaorodheshwi kwenye msamiati mpya mwanzoni mwa kifungu, kwa sababu si majina ya vitu. Lakini mtoto anayejua "basket" asijue "unless" ameelewa vitu vilivyomo kwenye habari, habari yenyewe imempita. "Hardly" kwake ni "hard", kwa hiyo Rehema ameuza kwa bidii. "Did not come until noon" kwake ni kwamba Baraka hakuja. Lifundishe neno la namna hii kwa kuuliza kilichotokea: saa tano Baraka alikuwepo? Saa saba je? Kwa "unless" waombe waseme kinachotokea pande zote mbili: wakishusha bei, maembe yatakuwaje, wasiposhusha, yatakuwaje. Hapo huhitaji hata kutaja kanuni.

Msamiati wa kawaida uupitie haraka. Chagua maneno manne au matano ambayo bila hayo kifungu kinaanguka, yafafanue kabla ya kusoma, mengine yaache wayakisie. Orodha ya maneno ishirini ubaoni hula nusu ya kipindi na hakuna anayeikumbuka jioni.

Acha kuwasomesha kwa zamu

Utakuta desturi hii karibu kila shule: mwalimu anasema "soma wewe aya ya kwanza, wa nyuma yake aya ya pili". Naomba uiache. Anayesoma anahangaika na matamshi na kicheko cha wenzake, hana nafasi ya kufikiria maana. Waliobaki wanahesabu vichwa kujua aya yao ni ipi, na wakishamaliza zamu wanapumzika. Na darasa zima linasikiliza Kiingereza kikisomwa neno moja moja bila mtiririko, wakati uleule wanapohitaji kusikia sentensi ikienda kama sentensi.

Soma wewe kwanza, kwa sauti safi na kituo mahali pake, wao wakifuata kwa macho kwenye manila au kitabu. Kusoma kwako kunamsaidia yule wa "ma-de" kuunganisha sikio na jicho. Kisha wasome kimya. Dakika nne za ukimya katika darasa la watu sabini zitakutia wasiwasi, utahisi hufundishi. Vumilia, maana ndizo dakika pekee ambazo kila mtoto anasoma. Halafu wasome wawili wawili, kila mmoja akimsomea mwenzake kwa sauti ya chini. Hapo wote wamepata zamu na hakuna aliyeaibika.

Kiswahili darasani

Shule nyingi zina kibao kinachoamuru Kiingereza tu, na utaambiwa hivyo siku unayoripoti. Heshimu shule uliyokwenda, lakini ujue unachokifanya. Ukimuuliza mtoto kwa Kiingereza, naye akakaa kimya, hujui kama hakuelewa kifungu, hakuelewa swali, au ameelewa vyote akakosa maneno. Ukimruhusu amweleze jirani yake kwa Kiswahili alichokiona kwenye kifungu, utasikia ufahamu wake ulivyo.

Kanuni ninayokupendekezea ni hii: Kiswahili kitumike kufikiria kifungu, kisitumike kuchukua nafasi yake. Wanafunzi wakijadili kwa Kiswahili kama "they" ni maembe au watu, bado macho yao yako kwenye Kiingereza. Lakini mwalimu anayesoma sentensi moja na kuitafsiri, sentensi moja na kuitafsiri, amewaondolea sababu ya kusoma. Watoto hao husubiri Kiswahili kije. Ukiwa na mashaka, jiulize: kwa dakika hii, mwanafunzi anahitaji kutazama maandishi ili ashiriki? Kama hahitaji, badilisha.

Na acha kabisa kuuliza "Do you understand?" au "Are we together?" Darasa litaitikia "Yes!" kwa sauti moja hata kama umesoma ile habari ya fekoli. Badala yake toa kazi ambayo asiyeelewa hawezi kuifanya: waonyeshe kwa vidole Baraka alifika saa ngapi, wachore kikapu cha Rehema kilivyokuwa saa sita mchana, kimejaa au kitupu.

Maswali yasiyonakilika

Ukiandaa maswali, lijaribu kila swali kwa kipimo cha fekoli: mtu asiyejua lugha angeweza kulijibu kwa kufananisha maneno? "Who promised to help Rehema?" Anaweza. Liweke moja la namna hiyo ili wanyonge waanze na ushindi, kisha uende kwa yasiyonakilika. "At noon, was the basket nearly full or nearly empty?" Hilo linadai mtu aelewe "hardly sold any". "What will go bad?" linadai mshale. "Did Baraka keep his promise?" ni zuri zaidi, kwa sababu lina majibu mawili yanayoweza kutetewa: alikuja, lakini amechelewa. Na "How did Rehema feel when she looked at him?" halijibiwi na neno lolote lililoandikwa, mtoto lazima akusanye ushahidi wa karibu saa tano za kusimama peke yake na maembe.

Wakishazoea, wape kazi hiyo wao. Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown walieleza njia ambayo wanafunzi katika kundi hupokezana uongozi na kufanya mambo manne: kukisia kinachofuata, kutunga swali, kufafanua palipo na utata, na kusema kwa ufupi walichosoma. Inafaa sana kwa madawati yetu wanakobanana watatu au wanne. Kila mmoja apewe jukumu moja, aya inayofuata wabadilishane. Jukumu la kufupisha ndilo gumu kuliko yote, na ni la thamani, maana asiyeelewa hunakili na anayeelewa huacha mengine. Wiki za mwanzo waruhusu wafupishe kwa Kiswahili, baadaye kwa sentensi moja ya Kiingereza.

Unaposahihisha, usichanganye mizani. Mwanafunzi akiandika "No, because he late", ameelewa. Mpe alama yake ya ufahamu yote. Sarufi hiyo iandike pembeni, ukaifundishe kipindi kingine. Ukimkata alama hapo, unamfundisha kwamba njia salama ni kunakili sentensi ya kitabu, ambayo haina kosa la sarufi. Ndivyo wanavyoanza kunakili. Mitihani ya NECTA itadai Kiingereza sahihi, ni kweli, na utaifanyia kazi; lakini huwezi kumfundisha mtu kueleza vizuri jambo ambalo hakulielewa.

Kupima kifungu kabla ya kumpima mtoto

Mara nyingi kosa si la mwanafunzi, ni la kifungu. Mwaka 2000 Marcella Hu na Paul Nation walichapisha utafiti walioufanya kwa kubadilisha baadhi ya maneno ya hadithi, kwa viwango tofauti, kuwa maneno ya kubuni na kuangalia uelewa unavyoshuka. Walihitimisha kwamba wasomaji wengi wanahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ndipo waelewe vizuri bila msaada. Yaani neno moja geni katika kila hamsini. Chukua ukurasa wa kitabu cha Jiografia cha kidato cha kwanza, mwombe mwanafunzi wa kawaida, si yule wa kwanza darasani, apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Hesabu. Ukikuta maneno kumi katika hamsini, umeona kwa nini mtoto huyo anakariri.

Kipimo kingine kizuri ni cha kujaza mapengo, alichokibuni Wilson Taylor mwaka 1953. Nakili kifungu cha maneno kama 250, acha sentensi ya kwanza nzima, kisha futa kila neno la saba bila kuchagua. Wanafunzi wajaze. Wakikosa zaidi ya nusu hata ulipokubali maneno yenye maana ya karibu, kifungu hicho bado kinawazidi kusoma peke yao. Ni kipimo cha aina hiyo ambacho Criper na Dodd walikitumia walipopima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kutoa taarifa yao mwaka 1984. Walikuta kwamba kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu waliokuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza yaanze. Yaani wengi walimaliza sekondari kabla ya kuifikia ngazi ya kuingilia. Nakutajia hili ujue kwamba mtoto aliye mbele yako si mvivu wala si mzito wa kichwa. Amekalishwa kwenye kiti kirefu kuliko miguu yake, na kabla yake walikalishwa kaka na dada zake.

Kifungu kikiwa kigumu, kiandike upya mwenyewe. Ila angalia: walimu wengi wakirahisisha hukata sentensi vipande vipande na kutupa "because", "so" na "although". Kifungu kinakuwa na sentensi fupi fupi ambazo mtoto hajui zinahusianaje. Punguza maneno magumu, acha viungo vya mantiki, na pengine uongeze. Rudia jina la mtu mahali ambapo kiwakilishi kingechanganya, kisha wiki zikienda urudishe viwakilishi kidogo kidogo.

Wasome vingi

Vipindi vyako havitatosha. Mtoto anahitaji kukutana na "until" na "unless" mara nyingi kuliko unavyoweza kuziandika ubaoni. Katika shule za vijijini nchini Fiji, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza takriban 250 kwa kila darasa, watoto wasome vinavyowapendeza. Ripoti yao ya mwaka 1983 ilionyesha maendeleo ya kasi kama mara mbili ya wenzao walioendelea na mazoezi ya kawaida. Hata Tanzania, baada ya taarifa ya Criper na Dodd, mradi uliosaidiwa na Uingereza ulipeleka sekondari vitabu vya hadithi vyepesi kwa sababu hiyohiyo. Fungua kabati la idara ya Kiingereza la shule yako. Si ajabu ukavikuta baadhi, vumbi tupu, pamoja na nakala za "Hawa the Bus Driver" na "Mabala the Farmer" za Richard Mabala, zilizosomwa na vidato vya mwanzo kwa miaka mingi. Visipokuwepo, tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi za bure zinazoruhusiwa kuchapwa na kunakiliwa, nyingi zikiwa na toleo la Kiswahili na la Kiingereza. Chapisha chache, zikunje, ziweke kwenye boksi. Dakika kumi mwanzoni mwa kipindi cha Ijumaa kila mtu achukue moja asome, bila swali lolote baada yake. Anayeiona ngumu aibadilishe.

Mkufunzi atakapokuja kukutathmini, andalio lako la somo lisiseme tu kwamba mwanafunzi ataweza kujibu maswali ya kifungu kwa usahihi. Andika lengo linaloonekana: mwanafunzi ataweza kuonyesha kila kiwakilishi kinarejelea nini na kueleza sababu. Andika pia kwamba majadiliano ya wawili wawili yatafanyika kwa Kiswahili na majibu ya mwisho kwa Kiingereza, ili mkufunzi akisikia Kiswahili ajue kimepangwa. Tunza lile daftari la makundi na uongeze majibu ya makosa yaliyokufundisha kitu, kila jibu na maelezo mafupi ya mahali mtoto alipopotea. BTP ikiisha nakala moja mwachie mwalimu wa somo. Wewe utarudi chuoni, yeye atabaki na watoto haohao Jumatatu asubuhi.